Barua ya Wazi kwa Walimu wa Tiba ya Mifugo Nchini

Walimu wenzangu,

Nawasalimu nikiwa mstaafu ambaye harufu ya fomalini bado haijamtoka puani. Sitazungumzia mishahara wala uhaba wa vifaa, kwa kuwa hayo mnayasema kila siku, tena vizuri kuliko mimi. Nataka tuzungumze jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwahi kulikalia kitako na wenzangu, nalo ni namna tunavyojua, au tunavyodhani tunajua, kwamba mwanafunzi wetu amejifunza.

Nilifundisha ndigana kali kwa muda mrefu. Nilichora ubaoni safari ya kimelea chake kutoka kwa kupe wa masikio hadi ndani ya chembe nyeupe za damu ya ng'ombe, na wanafunzi waliurudisha mchoro huo kwenye mtihani kama nilivyouchora. Siku moja nikakutana joshoni na kijana mmoja niliyekuwa nimempa alama za juu kabisa, mbele yake amesimama ndama mwenye homa. Alinieleza safari yote ya kimelea bila kukosea hata hatua moja, lakini mkono wake haukwenda chini ya sikio la ndama kupapasa tezi iliyovimba, ambayo mfugaji alikuwa ameiona tangu asubuhi. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuwahi hata mara moja kumpa alama kwa kile ambacho mkono wake unaweza kufanya.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa ya kosa hilo ilikuwepo. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake walichapisha maelezo ya mtihani ambamo mwanafunzi wa udaktari hupita kituo baada ya kituo, akifanya kazi iliyopangwa mbele ya msahihishaji anayetumia orodha ileile kwa watahiniwa wote. Mafunzo ya shahada yetu yalianza Morogoro mwaka 1976. Maandishi hayo yalitutangulia, na hakuna aliyetukataza kuyasoma, ila hatukuwa na mazoea ya kuyaleta mezani.

Na hili ndilo linalonishangaza, maana sisi ni watu wa kudai ushahidi. Mtu akitujia na dawa ya kideri akisema kuku wake hawakufa, tutamuuliza walikuwa wangapi, ambao hawakupewa dawa walikuwa wapi, na kama ugonjwa ulifika bandani kwake kweli. Lakini mwenzetu akitamka chumbani kwa walimu kwamba wanafunzi wa siku hizi hawaelewi kitu bila slaidi, tunatikisa vichwa na kuendelea na chai.

Ombi langu ni kwamba kila idara, pamoja na wenzetu wanaofundisha stashahada katika kampasi za LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, ikutane mara moja kwa mwezi kujadili makala moja tu ya utafiti wa ufundishaji, kwa ukali uleule tunaoutumia tunapojadili mzoga mezani. Chukueni kwa mfano kazi ya Sarah Baillie, daktari wa mifugo wa Uingereza aliyetengeneza ng'ombe wa kompyuta ambaye mwanafunzi humpapasa akahisi mfuko wa uzazi, huku mwalimu akitazama kwenye skrini mahali vidole vilipo. Sote tunaijua taabu ya somo hilo: mkono wa mwanafunzi umo ndani ya puru ya ng'ombe, mwalimu haoni kitu, na mwanafunzi husema "nimeupata" ili tu atoke. Baillie alilinganisha wanafunzi waliopitia mashine hiyo na wale ambao hawakuipitia, wote wakipapasa ng'ombe hai, na waliopitia mashine waliupata mfuko wa uzazi vizuri zaidi.

Mjadala usiishie kwenye bei ya mashine. Ulizeni wanafunzi walikuwa wangapi, walipimwa baada ya muda gani, na kama matokeo yanahusu ng'ombe wetu wa asili, ambao maumbile yao ni madogo. Ulizeni pia kama mifuko ya uzazi kutoka machinjioni, ikifungwa ndani ya pipa lililokatwa, inaweza kutoa sehemu ya faida hiyo, kisha mjaribu wenyewe na kupima. Hata ng'ombe wetu wa mazoezi, wanaoingiziwa mikono ya darasa zima, watapumzika kidogo.

Jihadharini na fomu za maoni ya wanafunzi, ambazo wakuu wetu wanazipenda. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba wanafunzi wa fizikia waliojifunza kwa kushughulishwa walipata alama bora kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale wa mhadhara. Hiyo ni fizikia, tena Marekani, na ndiyo maana inafaa kujadiliwa badala ya kumezwa.

Mkianza kuwapima wanafunzi wenu kwa ajili ya utafiti, kumbukeni kwamba mtu mnayemwomba ridhaa ndiye mtakayemsahihishia mtihani. Mwenzenu asiyemfundisha ndiye aombe, na kundi litakalokosa mbinu mpya wiki hii lipewe wiki inayofuata.

Kwa kikao cha kwanza, makala iwe fupi na isambazwe wiki nzima kabla. Wa kwanza kusema awe mhadhiri msaidizi mdogo kuliko wote, na maprofesa wanyamaze mpaka amalize. Mkinialika nitakuja, na mimi pia nitanyamaza.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu, Morogoro