Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya kuhusu hesabu ya akiba yetu ya dola

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mfanyabiashara wa vipuri vya magari mjini Mombasa, na kila wiki husoma taarifa ya Benki Kuu kabla ya kuagiza mzigo. Jicho langu hutua kwanza kwenye mstari unaoeleza akiba ya fedha za kigeni ni dola ngapi, na kwamba inatosha kuagiza bidhaa kwa miezi mingapi. Sheria inaitaka Benki ijitahidi miezi hiyo isipungue 4. Nakuandikia kuhusu mstari huo, kwa sababu yaliyoikuta Thailand mwaka 1997 yanaonyesha kwamba unaweza kuwa sahihi na bado ukaipotosha nchi nzima.

Mwishoni mwa 1996 Benki ya Thailand, yaani benki kuu ya nchi hiyo, ilikuwa na akiba ya zaidi ya dola bilioni 38, iliyotosha kuagiza bidhaa kwa zaidi ya miezi 6. Kwa kipimo chetu, nchi ile ilikuwa salama. Lakini tangu serikali ilipozirahisishia benki kukopa nje mwaka 1993, makampuni yalikuwa yakichukua dola kwa riba nafuu na kwa muda mfupi, kisha yakijenga maghorofa ya Bangkok ambayo kodi yake ya pango ingelipwa kwa baht, sarafu ya Thailand. Kila mkopaji aliamini kwamba dola ingebaki karibu baht 25, kama ilivyokuwa kwa zaidi ya miaka 10. Madeni ya nje yaliyopaswa kulipwa ndani ya mwaka mmoja yalikuwa tayari yameipita akiba.

Walanguzi wa fedha walipoishambulia baht kwa kuiuza kwa wingi wakitarajia ishuke, Benki ya Thailand iliitetea kwa mikataba ya kuuza dola katika tarehe za mbele. Mkataba wa namna hiyo hautoi dola hata moja siku unapotiwa saini, kwa hiyo takwimu zilizochapishwa ziliendelea kuonyesha akiba ya zaidi ya dola bilioni 30, ilhali sehemu kubwa yake ilikwisha kuahidiwa watu wengine. Ukiondoa zilizoahidiwa, zilibaki chini ya bilioni 3. Tarehe 2 Julai 1997 baht iliachiwa ipangiwe bei na soko, na kufikia Januari 1998 dola moja ilinunuliwa kwa zaidi ya baht 50. Kampuni 56 kati ya 58 za fedha zilizosimamishwa zilifungwa kabisa. Wananchi walitajiwa ukubwa wa mikataba ile mwezi Agosti, dola zikiwa zimekwisha.

Korea Kusini, iliyokumbwa na msukosuko huohuo, nayo ilikuwa imeweka sehemu ya akiba yake kama amana kwenye matawi ya ng'ambo ya benki zake yenyewe, na zilipohitajika hazikuweza kurudishwa. Mwanzoni mwa 1998 watu wa kawaida walipanga foleni kutoa pete na mikufu yao iyeyushwe kuisaidia nchi kulipa deni, zikapatikana zaidi ya tani 220 za dhahabu. Husifiwa kwa uzalendo wao, nao wanastahili, lakini mimi huumia nikifikiri kwamba waliombwa pete na taifa lililokuwa halijawaonyesha hesabu.

Sisi hatukufika huko, na sehemu kubwa ya deni letu la nje ni la serikali na la muda mrefu. Hata hivyo, Januari 2024 dola ilipopita shilingi 160, niliuza vipuri kwa bei ambayo haikuniwezesha kuagiza vingine. Februari hiyo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa hatifungani mpya ili kulipa sehemu ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa ikiiva, yaani ikifikia siku ya kulipwa, Juni, ndipo shilingi ikapata nguvu.

Naomba basi, chini ya mstari wa miezi, Benki ichapishe kila wiki mistari miwili zaidi: dola zilizokwisha kuahidiwa kwa mikataba ya mbele, na madeni yote ya nje, ya serikali na ya binafsi, yatakayoiva ndani ya miezi 12. Ninaelewa hofu kwamba kuanika hesabu hizo kunaweza kuwaita walanguzi. Lakini kule Thailand walanguzi walijua tangu mwanzo, maana wao ndio waliokuwa upande wa pili wa mikataba ile. Waliofichwa ni wenye maduka, wafanyakazi na waweka akiba.

Wako mwaminifu,
Mfanyabiashara wa vipuri, Mombasa