Matumbawe meupe bado yako hai

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai hujambo na masomo yanakwenda. Mimi mzima, ila mgongo umebabuka kwa jua, maana leo tulishinda kwenye miamba ya matumbawe tukiipima, na sitaki kulala kabla sijakusimulia.

Tuliingia majini asubuhi, maji yakianza kupwa. Kazi yenyewe inataka subira. Mnatandaza utepe wa kupimia juu ya mwamba, kisha unaelea taratibu, na kila nusu mita unaandika kwa penseli, kwenye kibao cha plastiki, kile kilicho chini ya alama: tumbawe gumu, tumbawe laini, mwani, sponji, mchanga au vipande vilivyovunjika. Huchagui cha kupendeza. Jioni mkijumlisha ndipo mnajua ni asilimia ngapi ya mwamba ina matumbawe hai.

Nilichokihofia tulikikuta. Penye kina kifupi, matumbawe mengi ya matawi yamepauka, meupe pe. Unakumbuka ulipoona picha kama hizo ukasema, "Haya yameshakufa"? Basi leo niliusogeza uso karibu na tawi moja, kama shubiri hivi, bila kuligusa, nikatulia. Juu ya ule weupe kuna nyama laini inayopitisha mwanga, na vinyiri vidogo mno vikichomoza na kurudi ndani. Liko hai!

Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake huishi mwani usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, humpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki yake, tena ndio unaompa rangi. Maji yakipita joto la juu kabisa la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, yakakaa hivyo wiki kadhaa, mwani hutoka na mifupa ya chokaa huonekana. Hapo tumbawe lina njaa, halijafa. Joto likipungua mapema, mwani hurudi. Lisipopungua, tumbawe hufa na mwani wa aina nyingine, ule wa nyuzinyuzi, hulifunika haraka. Ndiyo maana kwenye fomu zetu lililopauka na lililokufa yana safu mbili tofauti, na msimamizi wetu hana mchezo na anayeyachanganya. Kupima rangi tunatumia kadi yenye ngazi 1 hadi 6: unaishikilia kando ya tumbawe, unaandika palipofifia zaidi na palipokolea zaidi.

Nilifurahishwa na samaki waitwao pono. Unawasikia kabla hujawaona, meno yakikwangua mwani kwenye mwamba, kra, kra, kra. Wanapokwangua hivyo, viluwiluwi vya matumbawe hupata mahali pasafi pa kujishikiza. Ningeulizwa tuanze kulinda nini kwenye mwamba uliopauka, ningesema pono, kwa sababu joto la bahari hatulipunguzi kwa siku moja, lakini nyavu zinaweza kuzuiwa hata kesho.

Halafu kulikuwa na tumbawe moja la mviringo, kubwa, linanipita kimo. Aina hiyo hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka, kwa hiyo lilikuwapo kabla ya babu zetu. Limepita joto la 1998, miamba ya dunia nzima ilipopauka, na lile la 2016. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kupauka kwa nne kwa dunia nzima. Vipindi vinakaribiana mno, na mwamba unahitaji miaka kadhaa ya utulivu ili upone. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tutarudi kupima palepale joto likishuka, tujue yapi yamerudisha rangi. Nitakuandikia matokeo, yawe mazuri au mabaya. Nawe nijibu upesi, uniambie mtihani umekwendaje.

Akupendaye,
Rafiki yako