Kabla hujaing'arisha bangili ya bibi

Mwanangu mpendwa,

Najua ukiifungua tu bangili ya bibi yako utatafuta kitambaa uing'arishe. Ngoja kwanza. Chukua kioo cha kukuzia, ukague zile pete ndogo zinazoning'iniza kila kidani, yaani kila kipambo kidogo kwenye mkufu wa bangili. Fedha ni laini. Pete hizo husuguana na mkufu miaka nenda miaka rudi mpaka upande mmoja unabaki mwembamba kama uzi. Vidani vingi hupotelea hapo. Pete iliyolika ibadilishwe, na mpya ifungwe kwa lehemu ya fedha. Sonara akikutajia lehemu ya risasi, kataa: bangili ikiingia motoni tena, risasi huila fedha na kuacha vishimo. Kidani chenye enameli, ile rangi ya kioo iliyochomwa juu ya fedha, au lulu kisisogezwe motoni kabisa. Pete yake ifunguliwe kwa makoleo mawili, ncha moja ije mbele na nyingine irudi nyuma. Ukizitanua kwenda nje, duara halikai sawa tena.

Geuza lile kufuli lenye umbo la moyo, usome alama zilizopigwa. Nanga ni chapa ya mji wa Birmingham, Uingereza, simba anayetembea ni fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi), herufi ni mwaka wa kupigwa chapa. Usiandike kwamba ndio mwaka wa bangili nzima, maana kufuli hubadilishwa, na kila kidani kina umri wake. Vidani vyepesi pengine havina chapa yoyote.

Kisha ilaze mezani uipige picha, uvipe vidani namba kuanzia kwenye kufuli. Andika nani alitoa kipi na kwa sababu gani. Shangazi yako anavijua vyote, mpigie wiki hii. Fundi akivitoa, avirudishe kwa mpangilio uleule.

Kuosha ni maji vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini wa mtoto. Kile kikanisa kinachofunguka kikaushe vizuri, maji hujificha kwenye bawaba. Foili na magadi waachie wenye haraka: huondoa hata ule weusi wa mitaroni unaofanya sura zionekane. Dawa ya meno nayo ina chembe, italamba maandishi yaliyochongwa nyuma.

Ihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, bila mpira wa kufungia. Mpira una salfa, na salfa ndiyo inayoipiga fedha weusi.

Kale kamnyororo ka usalama kando ya kufuli kamelegea. Usiivae bangili mpaka kakazwe.

Mama yako