Wachoma DVD za harusi na maulidi, hesabuni dakika kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye studio na vibanda vya kuchoma DVD, huku Pemba na kule Unguja, pamoja na wateja wao. Mfungo Sita ukiingia, na misimu ya harusi pia, zinatoka DVD ambazo picha inapasuka vijibokisi kila watu wanaposogea, au inakatika shughuli haijaisha. Mteja akilalamika anaambiwa deki yake mbovu. Kumbe deki haina kosa: video imebanwa kwa kubahatisha. Fundi ameangalia ukubwa wa faili, wala hakuangalia dakika, na dakika ndizo zinazoamua.

DVD ya kawaida, ya tabaka moja, imeandikwa GB 4.7, yaani baiti bilioni 4.7. Windows inahesabu kwa 1,024, ndiyo maana inakuonesha 4.37 hivi, lakini nafasi ni ile ile. Zigeuze baiti hizo kuwa biti (baiti moja ni biti nane), toa kama asilimia nne za menyu na faili za kuiongoza deki, zinabaki megabiti 36,000 (megabiti ni biti milioni moja). Gawa kwa sekunde 60 upate 600. Namba hiyo 600 ibandikeni ukutani. Igawe kwa dakika za video, na jibu ndilo idadi ya megabiti unazoweza kutumia kila sekunde, picha na sauti pamoja. Dakika 90 zinakupa 6.6. Dakika 120 zinakupa 5. Dakika 200 zinakupa 3 tu. Video ya saa moja itakupa 10, lakini usifike huko, kwa sababu DVD ina mpaka wa 9.8 kwa picha, na deki kuukuu huanza kukwama kabla ya hapo. Ishia 8.

Faili la GB 28 kutoka kwenye kamera lisimtishe mtu. Picha ya kamera ni 1920 kwa 1080, na ya DVD kwa PAL, mfumo wa TV unaotumika kwetu, ni 720 kwa 576, yaani moja ya tano kamili ya vitone. Huo upungufu haukwepeki, na kwenye TV ya kawaida hauumizi jicho. Kinachoumiza ni kuibana picha hiyo ndogo chini ya mahitaji yake.

Hapo sauti inaingia, na wengi huisahau. Programu kadhaa huiacha sauti ilivyo, bila kubanwa, nayo inakula megabiti 1.5 kila sekunde. Chukua maulidi ya dakika 200: una 3, sauti ikishachukua 1.5 picha imebakiwa na nusu. Vijibokisi vimetoka hapo. Chagua AC3, aina ya sauti iliyobanwa, ya kilobiti 192 kwa hotuba na mawaidha, na 256 kwa dufu na taarabu. Masikio hayatodai zaidi, na picha imerudishiwa haki yake.

Hata hivyo, 3 hazitoshi kwa kila shughuli. Masheikh wamekaa, kamera iko juu ya miguu mitatu, ukuta nyuma hauchezi: hapo 3 zitakwenda. Mchezo wa ng'ombe, majani yanatimka na watu wanakimbia huku na huku, au Mwaka Kogwa kule Makunduchi na migomba yao na moshi, hapo chini ya 5 ni kuiharibu kazi. Ukumbi wa harusi uko kundi hilo hilo, kwa sababu ya taa za rangi, nguo za vimetameta, na chenga za kamera inayorekodi gizani. Chenga hizo hula biti nyingi kuliko sura ya bi harusi mwenyewe. Zipunguze kidogo kwa kichujio kabla ya kubana.

Kwa hiyo shughuli ikizidi saa mbili, toeni diski mbili. Dakika 200 zikigawanywa mara mbili, kila diski ina 6, na tofauti ataiona hata mtoto. Msikate katikati ya kasida. Kateni pale pumzi inaposhuka, kwa mfano kabla watu hawajasimama kumsalia Mtume. Diski moja ya ziada ni gharama ndogo mno ukilinganisha na shughuli isiyorudi. Mteja akishikilia diski moja kwa saa nne, basi shusheni picha iwe 352 kwa 576, ambayo deki inaikubali. Itakuwa na ukungu kidogo, lakini haitopasuka.

Katika kubana, chagueni njia ya kupitia video mara mbili: mara ya kwanza programu inasoma, ya pili inagawa biti kwa mahitaji, wastani ukiwa ule wa hesabu na kilele 8. Na msibane kwanza kwa HandBrake, programu ya kubana video, kisha mkaipeleka DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD. HandBrake inatoa MP4 au MKV, haitengenezi DVD, kwa hiyo picha itabanwa tena kuwa MPEG-2, aina ya video inayosomwa na deki ya DVD, na tui la pili haliwi zito kama la kwanza. Pelekeni faili la kamera moja kwa moja. Video iliyopitia WhatsApp msiipokee kabisa kama kuna asili yake.

Kasoro nyingine haihusu biti. Kamera nyingi hurekodi kwa mistari inayopishana, ya shufwa na ya witiri. Za HD huanza na mstari wa juu, na mikanda ya zamani ya miniDV huanza na wa chini. Ukikosea mpangilio, kila anayetembea anatetemeka mbele na nyuma. Kwenye kompyuta huenda usiione kasoro hiyo, jaribuni kwenye TV. Simu nazo hurekodi fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde, na mwendo wake haulingani, ndiyo sauti inaachana na midomo kadiri video inavyoendelea. Isawazisheni fremu kwanza. Wekeni pia alama ya umbo pana la picha, 16:9, la sivyo watu wote watakuwa wembamba warefu.

Kuchoma sasa. Diski huandikwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndio dhaifu kwenye diski za bei rahisi. Ndiyo maana DVD nyingi hukwama kuelekea mwisho, bi harusi anapotolewa. Msiijaze hadi ukingoni: ishieni 4.3 kwa hesabu ya Windows. Chomeni kwa kasi ya 4x au 8x, si 16x. Kwa 4x diski kamili inachukua kama robo saa. Tumieni kompyuta ya mapajani yenye betri nzima, maana umeme ukikatika katikati DVD-R hiyo haiandikiki tena. Ifungeni diski (finalize), kisha iacheni programu ihakiki ilichoandika. ImgBurn, programu ya kuchoma diski, inafanya yote mawili. Lebo ya karatasi msibandike, inaivuruga mizani ikizunguka. Andikeni kwa kalamu ya wino laini.

Wateja nao nawaomba: mkienda kuchukua DVD, chukueni na faili la asili kwenye diski ya kuhifadhia (hard disk) yenu. Flashi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili linalozidi GB 4, hata iwe na nafasi ya GB 64. Na kama nakala inakwenda kwa jamaa Maskati, PAL inafaa. Kama inakwenda Kanada au Marekani, mwambieni fundi mapema atengeneze ya NTSC, mfumo wa TV wa huko.

Wasalaam,
Fundi wa video,
Wete, Pemba