Vifaa vya kazi vifungwe bila kutoboa gari

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye pikapu za kazi: mafundi umeme, mafundi bomba, wafungaji wa sola, na hasa makampuni yanayowaajiri. Gari likishanunuliwa tu, hupelekwa gereji kutobolewa sakafu ili sanduku la vifaa lipate pa kufungwa. Matundu hayo hayahitajiki.

Drili huondoa rangi na kinga ya chuma. Huku pwani chumvi na unyevu hufanya yaliyobaki: kutu huanzia chini ya zulia, na ikija kuonekana sakafu imeshaoza. Chini ya bati hilo hilo hupita nyaya, bomba za breki na za mafuta, na anayetoboa kutokea juu hazioni.

Wanaokwepa drili nao hufunga kwa mipira ya tyubu. Mpira huvutika, na jua huupasua. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, sanduku la kilo 20 husukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400. Tyubu haizuii mzigo huo, na mbele yake kuna kisogo cha dereva.

Matundu ya kufungia yapo tayari. Kwenye dabo kebini (pikapu yenye safu mbili za viti) ambayo kiti cha nyuma hakikaliwi na mtu, toa kiti hicho utumie matundu ya boliti zake, ambayo tayari yana nati zilizochomelewa. Kata plaiwudi ya milimita 18 kwa umbo la sakafu, ipake vanishi pande zote pamoja na kingo, kisha uifunge hapo. Kila boliti iwe ndefu kuliko ya awali kwa unene wa ubao na washa (kile kisahani cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha boliti), basi. Ikizidi sana inachomoza chini na kugusa kilichopo. Washa iwe pana, kama milimita 40, la sivyo kichwa kinazama kwenye mbao. Juu ya ubao huo toboa utakavyo: funga pete za chuma kwa boliti zinazopita hadi upande wa pili zenye washa, si kwa skrubu za mbao, ambazo hung'oka. Vichwa vya boliti hizo vizamishwe chini ya ubao kabla ya kuulaza.

Angalieni meno ya boliti. Kwenye Toyota, boliti za milimita 10 mara nyingi zina meno yaliyoachana milimita 1.25, wakati dukani utauziwa 1.5. Ikiingia mizunguko miwili kisha ikagoma, itoe. Ukiilazimisha kwa spana umeua nati, na kuibadilisha ni kuchomelea upya. Kichwani iandikwe 8.8 au zaidi, yaani alama ya uimara wa boliti.

Kwa kiti kinachokaliwa, ubao usiwekwe chini ya mguu wake kamwe. Mbao husinyaa, boliti hulegea, kiti hucheza. Na boliti za mikanda ya usalama zisiguswe kabisa. Nyingi ni za kipimo cha inchi, unene wa 7/16, na boliti ya milimita 10 huingia kwenye tundu lake ikipwaya: inaonekana imeshika kumbe haijashika.

Sanduku likae sakafuni, likazwe kwa mikanda ya racheti miwili inayopishana. Sumaku zinatosha kwa tochi, si kwa nyundo, maana nguvu iliyoandikwa ni ya kuvutwa wima, na kwa kuteleza pembeni hushika sehemu ndogo tu ya hiyo. Tepu ya povu ya pande mbili hushika vizuri kwenye bati lililofutwa kwa spiriti, tepu ikiachwa siku tatu bila mzigo. Penye polishi ya dashibodi haishiki.

Mtungi wa kuzimia moto ndio unaotutia hofu kuliko vyote. Wengi huuacha ulale tu chini ya kiti cha dereva. Ukibiringika hadi nyuma ya pedali ya breki, breki haikanyagiki. Uwekwe kwenye kishikio chake chenye kibano cha chuma, kilichofungwa kwa boliti kwenye ubao ule, upande wa mlango ili ufikiwe haraka.

Baada ya wiki ya kwanza kwenye barabara ya vumbi, kaza boliti zote tena, kwani plaiwudi itakuwa imebonyea kidogo. Kisha shika kila kifaa ukitikise kwa mikono miwili. Kinachocheza kifungwe upya kabla gari halijatoka.

Mafundi wa bodi za magari,
Tanga