Sanga, jagi halina kosa, angalia maungio

Kaka Sanga,

Mambo vipi huko Njombe, baridi inaendaje? Huku Uyole nako mwezi huu wa saba kushika maji asubuhi ni vita, kwa hiyo uliposema jagi lako la umeme linachelewa mpaka unaondoka kazini hujanywa chai nimekuelewa kabisa. Nimefurahi ulienda kuazima mita kabla ya kukimbilia dukani, ila nimecheka sana pale klampu ya hiyo mita, ile inayobana waya kupima ampea, ilipokusomea sifuri, yani wewe ulibana nyaya zote mbili kwa pamoja, mkondo wa kwenda na wa kurudi inafutana, ndo maana ulivyoutenga mmoja namba ikaja.

Sasa nimekaa na namba zako jana usiku. Jagi likiwa limezimwa soketi inasoma volti 228, ukiliwasha inashuka mpaka 206 na linavuta ampea 7.8. Na fundi anasema jagi ni dogo, ununue la wati 3000. Usinunue bwana, hela hiyo weka kwenye mbolea ya viazi.

Tuanze na jagi lenyewe. Rizistansi, ule ukinzani tuliokuwa tunaukariri sekondari bila kujua wa nini, ni volti gawanya kwa ampea, 206 kwa 7.8 inakuja omu 26.4. Halafu angalia ile picha ya kibandiko uliyonitumia, wati 2000 kwa volti 230. Hapo huna ampea lakini haina shida, unazidisha volti zenyewe kwa zenyewe ndo unagawanya kwa wati, 230 mara 230 ni 52,900, gawanya kwa 2000 unapata omu 26.45. Umeona? Ileile. Koili, ule waya unaochemsha maji, ni nzima kabisa. Ila wati ni volti mara ampea, na 206 mara 7.8 ni kama 1607 tu, kwa hiyo jagi la 2000 linafanya kazi kama la 1600 na wewe unalilaumu.

Volti 22 zimepotelea njiani, kati ya nyumba kubwa na chumba chako cha uani. Na njia nayo ina rizistansi yake, 22 gawanya kwa 7.8 ni omu 2.8. Hapo ndo nilipokaa wima, kwa sababu uliniambia waya ni wa shaba wa milimita za mraba 1.5 na umbali ni mita 40 hivi, kwenda na kurudi 80. Shaba ya unene huo mita moja ina kama omu 0.0115, kwa hiyo mita 80 ni omu 0.92, basi. Zile 1.9 zilizobaki zinatoka wapi? Kuna sehemu imeungwa vibaya, na mimi nawaza lile fundo la tepu nyeusi pale chini ya bati uliloniambia limeungwa kwa kusokota tu, bila konekta.

Halafu hii ndo imenifanya nikuandikie leo badala ya kusubiri wikiendi. Joto linalotoka pale ni ampea mara ampea mara omu. 7.8 mara 7.8 mara 1.9 ni kama wati 115. Zile balbu za zamani za wati 100 ulikuwa unaweza kuishika ikiwa inawaka? Sasa wewe unayo kubwa zaidi ya hiyo ndani ya kifundo cha tepu, imekaa kwenye mbao, na kwa kuwa ni Njombe najua hizo mbao zimekauka vizuri. LUKU nayo inazihesabu hizo wati kama zingine tu. Ungenunua la 3000 lenye omu 17.6, mkondo ungepanda mpaka ampea 11.2 na pale kwenye fundo ingekuwa karibu wati 238, yani mara mbili. Fundi wako angekuuzia jagi na moto juu.

Simcheki sana lakini, mimi mwenyewe mwaka juzi niliyeyusha ekstensheni hapa sebuleni, pasi, jagi na hita ya chumba kwenye soketi moja, sikupiga hesabu hata kidogo, mke wangu mpaka leo akinuia kunitania ananiuliza kama nasikia harufu ya plastiki. Na Ohm mwenyewe alikuwa mwalimu wa sekondari tu kule Cologne, Ujerumani, kanuni yake akaitoa 1827, kwa hiyo sio mambo ya mainjinia peke yao.

Fanya hivi, zima meni swichi kabisa, sio breka ya chumba tu, hakikisha kwa mita kwamba hamna kitu, ndo ufungue hilo fundo. Nadhani utakuta shaba imekuwa nyeusi. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa, weka konekta, kaza skrubu, na uiweke ndani ya boksi lake. Ukiweza kubadili waya wote ukawa wa 2.5 ni vizuri zaidi ila sio lazima wiki hii.

Ukimaliza washa jagi upime tena. Natarajia volti 220 na ampea 8.3, hapo umepona. Ikibaki 206 usichemshe kitu, nipigie, kuna fundo lingine ndani ya ukuta na hilo nitakuja kulitafuta mwenyewe, niandalie chai ya mkaa.

Wako,
Mwalimu wa Uyole