Mkitangaza tiba ya siko, na kidonge mkitaje

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Kila zikitoka habari mpya za ugunduzi wa siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, simu yangu haipumziki, wifi yangu wa Musoma ananitumia, akina mama wa jumuiya wananitumia, hata kijana wa boda anayempeleka mwanangu shule alinisimamisha barabarani, Mama Neema umesikia dawa ya siko imepatikana huko Ulaya? Na mimi moyo unaruka kila mara, nakaa nalia kidogo, halafu naenda kumpa mwanangu Neema, anayeumwa siko, kidonge chake cha jioni. Barua hii naiandika kwa ajili ya hicho kidonge.

Neema alizaliwa mzima kabisa, kilo 3 na ushee, miezi ya mwanzo hakuna homa hakuna nini. Alipofika mwezi wa saba vidole vya mikono na miguu vikavimba, ukimgusa tu analia, macho yakawa ya njano. Zahanati wakampa dawa ya malaria, tukarudi wakampa tena, mama mkwe akasema mtoto kapigwa jicho tukampeleka kwa mzee wa dawa za miti, baadae hospitali moja ya wilaya akaongezewa damu mara mbili na hakuna hata mmoja aliyesema jamani hebu tumpime siko. Kaja kupimwa ana miaka miwili na miezi minne, na hapo ni kwa sababu nesi mmoja ambaye mdogo wake ana siko alimwangalia tu akaniambia mama, huyu mtoto usirudi nae nyumbani kabla hajapimwa.

Sasa swali lililokuwa linanitesa ni hili, kwa nini miezi ile ya mwanzo alikuwa mzima? Nilidhani kuna kitu nilimlisha. Daktari wa kliniki ya siko alinieleza vizuri sana na ndo hapo nikaelewa hata hizi habari za kisayansi. Mtoto akiwa tumboni ana himoglobini, yaani kile kinachobeba hewa kwenye damu, ya aina yake, tofauti na ya kwetu wakubwa, na anazaliwa nayo. Ile haina kasoro ya siko hata kidogo. Kadiri miezi inavyokwenda mwili unaizima unawasha ile ya ukubwani, na ya ukubwani ndo yenye kasoro, herufi moja tu ya jeni imebadilika, lakini hiyo moja inafanya chembe nyekundu zijikunje kama mundu na kuziba mishipa midogo. Daktari wa watoto wa New York anaitwa Janet Watson alishaliona hili tangu 1948, kwamba watoto wachanga wenye siko hawaumwi mpaka ile himoglobini ya tumboni ipungue.

Kwa hiyo wanasayansi wakawa wanajiuliza miaka yote hiyo, swichi ya kuizima iko wapi? Mwaka 2008 timu ya Stuart Orkin na Vijay Sankaran kule Boston ikaonyesha kwamba jeni inayoitwa BCL11A ndo inayoizima. Na 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier wakatoa CRISPR, yaani mkasi wa kukata vinasaba mahali unapotaka, wakapewa Nobel mwaka 2020. Ukiunganisha hayo mawili unapata tiba iliyopitishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani Desemba hiyohiyo, jina lake Casgevy. Wanachukua seli shina, yaani seli mama zinazotengeneza damu, za mgonjwa mwenyewe, wanaidhoofisha ile swichi, wanamrudishia, na mwili unaanza tena kutengeneza himoglobini ya utotoni. Mama mmoja wa Mississippi, Victoria Gray, alikuwa wa kwanza Marekani kupewa kwa ajili ya siko, ilikuwa Julai 2019 huko Nashville. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha kabla ya Marekani kuipitisha, 29 walikaa mwaka mzima au zaidi bila kupata yale maumivu makali. Mhariri, mtu ambaye hajawahi kukesha na mtoto anayelia mifupa hawezi kujua hiyo namba 29 inamaanisha nini, mimi niliisoma mara tatu.

Lakini bei yake huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya bilioni 5 za kwetu. Na kabla ya kurudishiwa hizo seli lazima upigwe dawa kali ya kemo ya kuua uloto wa zamani, yaani ile sehemu ya ndani ya mifupa inayotengeneza damu, unakaa hospitali wiki kadhaa, na hiyo kemo inaweza kukunyima uzazi. Pia walipitishiwa wenye miaka 12 kwenda juu na wangu ana 9. Hapa nchini upandikizaji wa uloto kwa watoto wa siko ulianza pale hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma mwaka 2023 na nawashukuru sana, ila huo unahitaji ndugu anayefanana nawe vinasaba na inakadiriwa watoto 11,000 hivi wanazaliwa na siko Tanzania kila mwaka, sasa ndugu wa kufanana watatoka wapi kwa wote hao.

Ndo maana nasema kidonge. Haidroksiyurea, dawa iliyopitishwa Marekani kwa siko tangu 1998, kazi yake kubwa ni ileile, kuirudisha himoglobini ya utotoni ipande. Mlango ni uleule ambao Casgevy inaufungua, kidonge kinaufungua nusu na kila siku lazima umeze, lakini ni kidonge cha kawaida tu unakunywa na maji nyumbani kwako. Zamani walikuwa wanaogopa kuwapa watoto wa Afrika, wakisema labda itawaongezea malaria. Basi watafiti wakajaribu kwa watoto 606 Angola, Kongo, Kenya na Uganda, majibu yakatoka mwishoni mwa 2018, maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na hata hiyo malaria iliyoogopwa ilipungua. Neema ameianza ana miaka minne. Kabla yake tulikuwa tunalazwa karibu kila mwezi, mwaka jana tumelazwa mara moja.

Shida ni kwamba naifuata mbali, nauli na siku nzima, na kuna miezi nafika naambiwa imeisha. Wenzangu wa vijijini hata jina lake hawajawahi kulisikia, ila habari ya tiba ya mabilioni wanayo kwenye simu.

Na kidonge hakina maana kama mtoto hajapimwa. Waganda walichukua yale matone ya damu ya watoto wachanga yaliyokaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kipimo cha VVU, karibu sampuli laki moja, wakayapima siko 2014 na 2015, wakajua kila wilaya ikoje. Matone yaleyale. Sisi watoto wetu wanachomwa sindano za chanjo kliniki, kwa nini tone moja la siko lisichukuliwe hapohapo? Mimi ningejua mwezi wa pili, Neema angeanza mapema penisilini ya kumkinga na maambukizi, na mume wangu asingekaa mwaka mzima akisema kwao hakuna ugonjwa huu umetoka kwetu, wakati tulipopima wote wawili tukakutwa wabebaji, yeye AS na mimi AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya siko bila kuumwa.

Ombi langu kwako mhariri. Mkiandika tena kuhusu CRISPR, na muandike maana ni habari njema kweli, chini yake wekeni haidroksiyurea inapatikana hospitali zipi za mkoa wetu na kipimo cha siko kinafanyika wapi na siku gani. Hata mistari minne inatosha, kuna mama ana mtoto amevimba vidole sasa hivi na amepewa dawa ya malaria kwa mara ya tatu.

Mama Neema,
Mwanza